Hesabu ya mkopo ifundishwe nyumba nzima

Wiki hii napenda tuzungumze juu ya elimu ya fedha, na nitaanzia Kisiba, upande wa kusini ya mji wa Tukuyu, wilayani Rungwe. Huko kuna ziwa dogo la duara, lililokaa ndani ya shimo la volkano, liitwalo Masoko, na wengine huliita kwa jina hilo hilo la Kisiba. Kando yake Wajerumani walikuwa na boma la askari. Wazee husimulia kwamba Waingereza walipokaribia, wakati wa Vita ya Kwanza ya Dunia, Wajerumani walitumbukiza silaha na fedha zao majini ili adui asizipate. Hadithi ya hela za Masoko haijesha mpaka leo.

Nasema hela kwa makusudi. Neno hili tulilipata kwa Wajerumani hao hao, pale mwaka 1904 walipoamua rupia ya koloni igawanywe katika heller mia moja. Lakini kabla ya hapo, tangu 1898, walikwisha kuweka kodi ya nyumba. Kwa hiyo mwananchi wa kawaida alianza kuifahamu sarafu kama kitu anachodaiwa, kabla hajaifahamu kama kitu cha kuweka. Baadaye, zama za Mwingereza, vijana wa Rungwe walikwenda kuchimba dhahabu Lupa, kule Chunya, na wengine wakavuka hadi kwenye migodi ya shaba ya nchi iitwayo leo Zambia, na kodi ilikuwa mojawapo ya mambo yaliyowatoa nyumbani. Nadhani alama ya mwanzo huo bado tunayo. Tunafundishana sana jinsi ya kutafuta fedha, na tunafundishana kidogo mno jinsi ya kulisoma deni.

Fedha ya mkulima wa Rungwe haiji kila mwisho wa mwezi kama mshahara. Ndizi humpatia kidogo kidogo mwaka mzima, na maziwa vivyo hivyo. Kahawa na kakao huja kwa msimu, na wale wa sehemu za juu wana chai. Katikati ya msimu mmoja na mwingine kuna ada na sare za shule, kuna ugonjwa, kuna msiba. Na msiba hauulizi kama umekwisha kuvuna. Hapo ndipo mkopo unapoingia, na hapo ndipo mwenye kakao hujikuta akiiuza mbichi, kwa bei ya kutupa, kwa mfanyabiashara aliyekuja na noti mkononi. Upande wa Kyela biashara hiyo wameipa jina la njemke. Serikali imeipiga vita, na kakao sasa huuzwa kwa stakabadhi ghalani kupitia vyama vya ushirika. Utaratibu huo una faida yake, lakini unamtaka mkulima asubiri malipo, na mtu mwenye mgonjwa kitandani hawezi kusubiri.

Hapana shaka hatua kubwa zimepigwa. Huduma ya kutuma fedha kwa simu iliingia nchini mwaka 2008, na utafiti wa FinScope wa mwaka 2023 ulionyesha kwamba watu wazima 76 katika kila 100 walikuwa wakitumia huduma rasmi za fedha. Aidha kuna vikundi vya kuweka na kukopa, ambavyo asili ya mfumo wake ni wanawake wa Maradi, nchini Niger, mwaka 1991. Kwetu viko karibu kila kijiji. Kina mama hukutana kila wiki, hununua hisa, na sanduku lina kufuli tatu na funguo zake hukaa kwa watu watatu tofauti, kila kitu kikihesabiwa mbele ya macho ya wote. Riba anayolipa mwanachama hairudi kwa tajiri wa mbali. Hugawanywa kwao wenyewe siku ya kuvunja sanduku. Mimi nakihesabu kikundi cha namna hii kuwa darasa la kweli kuliko semina nyingi za hotelini.

Hata hivyo darasa hilo lina wanafunzi wa aina moja. Mama yumo. Baba mara nyingi hayumo, kijana wa bodaboda hayumo, na babu mwenye shamba hayumo kabisa. Na hao ndio wanaotia saini madeni mengine nje ya kikundi.

Tuchukue mfano wa mikopo ambayo wananchi wenyewe wameibatiza jina la kausha damu. Kijana anaambiwa: chukua shilingi 200,000, utarudisha 25,000 kila wiki kwa wiki 10. Anapiga hesabu ya haraka: nitalipa 250,000, kwa hiyo riba ni 50,000, yaani robo, si mbaya. Lakini hiyo robo ni ya mtu anayekaa na 200,000 zote kwa wiki zote 10. Yeye hakai nazo. Wiki ya pili amebaki na 180,000, ya tatu 160,000, na wiki ya mwisho anadaiwa 20,000 tu za mtaji. Ukichukua wastani, fedha ya mkopeshaji iliyokuwa mikononi mwake ni 110,000. Amelipa 50,000 kwa kutumia 110,000, na muda wenyewe hata miezi mitatu haujatimia. Hiyo inakaribia nusu.

Hesabu hii haihitaji elimu ya chuo. Mtoto wa darasa la sita anaiweza. Tatizo ni kwamba hakuna aliyemwomba aifanye.

Sheria ipo. Bunge lilipitisha Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha mwaka 2018, na chini yake Benki Kuu iliweka kikomo cha riba kwa kampuni za mikopo zisizopokea amana: asilimia 3.5 kwa mwezi. Kwa mkopo wa 200,000 hiyo ni 7,000 kwa mwezi, na kwa wiki 10 haifiki hata 20,000. Linganisha na ile 50,000. Pengine utaambiwa kwamba iliyozidi si riba, ni ada ya fomu, ni bima, ni gharama ya kufuatilia. Hayo ni majina tu. Fedha inatoka mfuko ule ule. Tena siku hizi mkopeshaji hahitaji hata ofisi. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza majina ya programu na majukwaa 69 yaliyokuwa yakikopesha kwa simu bila kibali. Anayekopa huko ni kijana, peke yake, usiku, lakini zinapoanza simu za vitisho hupigiwa mama yake, mjomba wake na hata mwajiri wake.

Ndiyo maana nasema elimu hii isiwe ya kina mama peke yao, wala ya vijana peke yao. Deni la mtu mmoja hulipwa na nyumba nzima. Wakubwa nao wasijione wamepona kwa sababu ya umri. Mnaikumbuka DECI, iliyokuwa ikiwaambia watu wapande mbegu ya fedha na kuvuna mara mbili au zaidi? Serikali iliisimamisha mwaka 2009, na mwaka 2013 viongozi wake walitiwa hatiani mahakamani. Waliopanda walikuwemo watumishi, wastaafu, waumini watu wazima wenye heshima zao. Mkulima anajua fika kwamba gunia la mahindi halitoki katika punje zilizokaa tu mfukoni. Swali la kuuliza lilikuwa moja: shamba liko wapi? Fedha hii inafanya kazi gani hata izae? Jibu ni kwamba hapakuwa na shamba; aliyetangulia alilipwa kwa mbegu ya aliyefuata.

Kuna jambo jingine ambalo wanaume hatupendi kulisikia. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 59, inamkataza mume au mke kuuza au kuweka rehani nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake. Huko vijijini migomba na nyumba ni kitu kimoja, na nimesikia mara nyingi mtu akisema ameweka kipande chake, kana kwamba anakaa hapo peke yake. Mama anakuja kujua siku wapimaji wanapopita uani na kamba.

Kazi hii haihitaji mradi mkubwa. Mnamo Julai 2024 serikali ilirejesha mikopo ya halmashauri isiyo na riba, ile asilimia 10 ya mapato ya ndani inayogawanywa kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, baada ya kuisimamisha Aprili 2023. Vikundi hupewa mafunzo kabla ya fedha. Hayo mafunzo yafanyike Jumapili baada ya ibada, si Jumanne saa nne ambapo baba yuko kwenye kahawa na mtoto yuko shuleni. Ziletwe karatasi za mikopo halisi, majina yakiwa yamefutwa, na mwanafunzi asimame azisome kwa sauti mbele ya babu yake, kisha akokotoe ubaoni wastani kama ule wa 110,000.

Na ninyi mlioko Dar es Salaam, Mbeya mjini na kwingineko, ambao kila mwezi mnatuma chochote nyumbani, mna nafasi yenu. Mara nyingi tunatuma bila kuuliza, tukidhani ni ada ya mtoto, kumbe ni rejesho la wiki ya saba. Safari hii, kabla ya kubonyeza namba ya siri, piga simu uulize: mama, hapo nyumbani nani anadaiwa, na karatasi yake iko wapi? Mwambie mtoto aipige picha akutumie.