Picha Iliyotulia na Picha Itembeayo: Hadithi za Katuni na Filamu, Zikitazamwa kutoka Mbinga na Mwambao wa Nyasa



Nianze na neno moja dogo. Huko Mbinga nilikokulia, mtu akisema "jana nilitazama picha" hukuweza kujua mara moja alichokitazama. Huenda alifunua albamu ya harusi, huenda alisoma hadithi ya kuchorwa gazetini, na huenda alilipa kiingilio katika banda la video. Kiswahili kimeviita vyote vitatu picha. Neno katuni nalo ni hivyo hivyo: ni mchoro mmoja wa kejeli katika ukurasa wa maoni, ni hadithi ndefu ya visanduku, na ni michoro itembeayo wanayoitazama watoto katika televisheni. Kwingineko wataalamu huandika vitabu vizima ili kuonyesha kwamba hadithi za kuchorwa na filamu zina udugu. Sisi lugha ilitutangulia kusema, nasi hatukuisikiliza.

Mjadala huu kwa kawaida huanzia Marekani. Superman alitokea kitabuni mwaka 1938, akapata filamu yake kubwa mwaka 1978, na tangu hapo watengenezaji wa filamu wa huko wamekuwa wakichota katika vitabu vya katuni kama watu wachotao kisimani. Barani Afrika tunaye Aya wa Yopougon, aliyeandikwa na Marguerite Abouet wa Côte d'Ivoire na kuchorwa na Clément Oubrerie kuanzia mwaka 2005, akaingia katika filamu mwaka 2013. Karibu na kwetu, Gado, mzaliwa wa Dar es Salaam aliyejipatia sifa kwa katuni zake magazetini jijini Nairobi, aliwageuza wanasiasa kuwa vikaragosi vya televisheni katika The XYZ Show iliyoanza mwaka 2009. Kwa mifano hii watu hudhani kwamba njia ni moja tu, kutoka karatasini kwenda kwenye kioo. Hoja yangu ni kwamba katika Kiswahili safari iliyo kubwa zaidi ilikwenda kinyume: filamu ndiyo iliyoshuka karatasini, na sababu mojawapo kubwa ilikuwa lugha.

Katika miaka ya 1960 lilisomwa Afrika Mashariki gazeti la African Film, lililotoka katika kampuni ya Drum ya Afrika Kusini, likiwa na mpelelezi wake Lance Spearman. Lilikuwa hadithi ya picha za kamera zilizopangwa ukurasani, na maneno ya wahusika yakiandikwa juu yake kwa Kiingereza. Baadaye Faraji Katalambulla, mwandishi wa Simu ya Kifo (1965), aliendesha gazeti la namna hiyo kwa Kiswahili, akaliita Film Tanzania. Yatafakarini majina hayo. Magazeti yote mawili ni karatasi na wino, na yote mawili yalijiita filamu. Msomaji hakuona udanganyifu wowote.

Filamu halisi za Kiswahili zilikuwapo, lakini chache. Naomba niseme, kwa fahari kidogo ya mtu wa Ruvuma, kwamba mmoja wa nyota wa kwanza wa filamu hizo ni Rashidi Mfaume Kawawa, aliyezaliwa upande wa Songea mwaka 1926. Aliigiza katika Muhogo Mchungu na nyinginezo mwanzoni mwa miaka ya 1950, kabla siasa haijamchukua moja kwa moja. Baada ya hizo, mtazamaji wa kijijini alizoea kuona midomo ya watu ikisema asichokielewa.

Pengo hilo lilizibwa kwa sehemu na gazeti la Sani, lililoanza mwishoni mwa miaka ya 1970. Ndumilakuwili, Lodi Lofa, Pimbi na Madenge walifahamika kuliko mawaziri. Miongoni mwa waliowachora alikuwamo Philip Ndunguru, aliyefariki mwaka 1986 akiwa bado kijana. Ndunguru ni jina la ukoo linalosikika sana Umatengoni, nasi watoto wa Mbinga tulimhesabu kuwa wetu bila kuuliza zaidi. Wachoraji wengine waliendelea na wahusika hao baada ya kifo chake. Hapa tayari pana desturi ya filamu: mwigizaji anapoondoka, mhusika anabaki.

Nakala zilitufikia zimechakaa. Zile za mwambao zilikuja na abiria wa MV Songea, waliopanda Itungi na kushuka Liuli au Mbamba Bay. Za milimani zilikuja na lori kutoka Songea. Nakala moja ilipita mikono ishirini. Namkumbuka kijana mmoja aliyekuwa akisoma kwa sauti barazani, akibadili sauti kwa kila mhusika, na panapo bibi asiyekifahamu vizuri Kiswahili cha Dar es Salaam, akaingiza Kimatengo katikati. Hakuwa anasoma tu. Alikuwa akifasiri, akiigiza na kueleza kilichomo katika kisanduku ambacho bibi hakukiona vema.

Miaka michache baadaye nilimsikia mtu wa aina hiyo hiyo katika banda la video, safari hii akiwa kwenye kanda. Derek Gaspar Mukandala, aliyejulikana kwa jina la Lufufu, alitia sauti yake juu ya filamu za kigeni, akieleza kwa Kiswahili yaliyokuwa yakisemwa na mengine ambayo hayakusemwa kamwe. Wapo wanaotafuta asili ya ufundi huo Uganda, ambako nako umestawi sana. Sibishani nao. Nasema tu kwamba msikilizaji wa Mbinga hakuhitaji kufundishwa namna ya kumsikiliza Lufufu, kwa kuwa baraza lilikuwa limekwisha kumfundisha.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa Titanic. Filamu ya James Cameron ilitoka mwaka 1997. Joshua Amandus Mtani akaichora upya kwa Kiswahili katika Mkasa wa Mapenzi Ndani ya Titanic, na Lufufu akaisimulia kwa sauti yake. Filamu moja, basi, ilipata Kiswahili mara mbili: kwa kalamu na kwa kinywa. Wahakiki wengine wameiita kazi ya Mtani kunakili. Mimi naiona kuwa ni tafsiri. Isitoshe, ilisomwa na watu ambao tarehe 21 Mei 1996 walikuwa wamesikia habari za MV Bukoba kuzama katika Ziwa Viktoria. Kwa msomaji wa Liuli, ambaye kesho yake huenda angepanda meli, ile haikuwa hadithi ya Waingereza wa mwaka 1912.

Kutoka mabandani lilikuja pia neno steringi, yaani shujaa wa picha ambaye kila mtoto alijua kuwa hafi, na likatumika kwa wahusika wa kuchorwa bila kuomba ruhusa kwa BAKITA. Katuni nazo zilimzoesha msomaji "itaendelea toleo lijalo". Filamu za video za Dar es Salaam zilipoanza kuuzwa sehemu ya kwanza na ya pili, kila moja na bei yake, mnunuzi alilalamika, akanunua.

Ninalolilaumu ni hili. Mchoraji wa katuni anajua mahali pa kumweka mtu ndani ya fremu, lini amsogeze karibu, na maneno mangapi yanatosha. Filamu zetu nyingi zimekosa ujuzi huo huo. Watu huketi sebuleni wakazungumza hadi kanda iishe. Mafundi walikuwapo mtaa wa pili, na wachache mno ndio waliopigiwa hodi. Nasi wa vyuo hatuna haki ya kuwacheka watayarishaji. Nilipotafuta magazeti haya kwa ajili ya mhadhara huu, katika maktaba moja niliambiwa kwamba hayakustahili kuhifadhiwa. Wauza karanga ndio waliokuwa wameyahifadhi, ukurasa mmoja mmoja.

Nimefanikiwa kukusanya nakala kumi na nne kutoka nyumba za Mbinga, Lituhi na Mbamba Bay. Tatu hazina jalada, na moja imelowa maji ya ziwa. Ziko juu ya meza ile pale, na atakaye kuzitazama anakaribishwa baada ya maswali, mradi anawe mikono.