Mfadhili Akikasirika, Nani Analipa?

Mnaofuata uzi huu mnajua sheria yetu: hatutaji mwanasiasa, hatutaji chama, tunafungua hoja tu. Ya leo haikosi kwenye mdahalo: "Misaada ya wazungu inakuja na ajenda ya ndoa za jinsia moja." Mtu akiisema ukumbini, makofi. Mimi naona hoja hiyo ni nusu, na nusu iliyobaki ndiyo inauma.

Twende Marekani, mwaka 2014. World Vision ni shirika la Kikristo linalojulikana hata huku kwetu. Ofisi yake ya Marekani iko jimbo la Washington, ambako ndoa hizo zilikuwa zimehalalishwa mwaka 2012. Jumatatu tarehe 24 Machi, rais wa ofisi hiyo, Richard Stearns, akatangaza kwamba wataajiri Wakristo walio katika ndoa hizo. Hakusema shirika linaziunga mkono. Alisema makanisa yenyewe hayakubaliani kuhusu jambo hili, kwa hivyo yaachiwe makanisa, shirika liendelee kuhudumia maskini. Na ilihusu wafanyakazi wa Marekani peke yake, si wa Turkana wala Kilifi.

Kufikia Jumatano, uamuzi umefutwa. Siku mbili tu!

Katikati hapo nini kilitendeka? Viongozi wa makanisa ya kiinjili walilaani, na wafadhili wakaanza kupiga simu kujiondoa. Stearns mwenyewe alisema baadaye kwamba walipoteza hadi wafadhili 10,000 wa watoto. Wakati huo kumfadhili mtoto mmoja ilikuwa dola 35 kwa mwezi. Piga hesabu: dola 350,000 kila mwezi. Na pesa hizo, mjue, hazimfikii mtoto mkononi. Zinaingia kwenye miradi ya kijiji chake, maji, shule, afya. Huyo mtoto ambaye picha yake ilibandikwa kwenye friji ya mtu huko ng'ambo hakuwa hata na habari kwamba kuna ugomvi. Kisha shirika liliporudi nyuma, upande wa pili nao ukakasirika, na mjumbe mmoja wa bodi akajiuzulu.

Sasa ajenda ilitoka wapi wiki hiyo? Kwa wafadhili wanaopinga ndoa hizo. Kwa hivyo anayesema pesa ya nje ina masharti hajadanganya. Shida ni kwamba anataja masharti ya upande mmoja tu, ule usiompigia kura.

Jambo la pili, watu huchanganya maswali matatu: shirika linaajiri nani, linahudumia nani, na linatumia pesa za nani. Majibu yanatofautiana. Mfano wa huduma ni Boston. Catholic Charities ya huko ilikuwa ikitafutia watoto familia za kuwaasili, kwa leseni ya serikali ya jimbo. Ndani ya miaka kama 20 watoto 13 kati ya 720 hivi walikwenda kwa wapenzi wa jinsia moja. Maaskofu wakasema basi. Bodi ya watu 42 ilikuwa imepiga kura kwa kauli moja kuendelea, lakini sheria ya jimbo haikuruhusu ubaguzi na maaskofu hawakulegeza. Mwaka 2006 shirika likaacha kabisa kazi hiyo. Mimi hapo nawalaumu wote, jimbo na maaskofu. Lakini hiyo ni mimi.

Kwenye ajira mambo yameenda kwingine. Mwaka 2021 World Vision hiyo hiyo ilimpa mwanamke mmoja kazi ya kupokea simu za wafadhili, ikaiondoa ilipojua ana mke. Alishtaki, akashinda mwaka 2023. Agosti 2025 mahakama ya rufaa ikageuza: anayepokea simu hizo pia huomba na wafadhili, kwa hivyo kazi yake ni ya kidini na shirika lina uhuru wa kuchagua nani aifanye. Ona basi. Kumbe mpokea simu anaweza kuhesabiwa karibu na mchungaji. Je, dereva? Mhasibu? Hilo ndilo ningependa tubishanie leo, badala ya makofi. Nani anaanza?