Nchi Zisizosaini Mkataba wa Wakimbizi: Je, Hazifungwi na Sheria?



Leo twataka kuliangalia swali linaloulizwa sana kila zinapotajwa taabu za ndugu zetu Warohingya. Nchi ambayo haikutia saini mkataba wa wakimbizi ina wajibu gani kwa mtu anayefika mpakani kwake akiikimbiza roho yake?

Mkataba wenyewe ulifanywa Geneva mwaka 1951, na Itifaki yake ikafuata mwaka 1967. Nchi nyingi za Afrika zimo. Bangladesh, Pakistan, Malaysia, Indonesia, Jordan, Lebanon na Saudia hazimo, wala India haimo. Inasikitisha kuwa orodha hiyo imejaa nchi za Waislamu. Hata hivyo, adhaniye kwamba nchi hizi zimewafungia wakimbizi mlango amekosea, kwani baadhi yake zimepokea wengi kuliko mataifa tajiri yaliyosaini.

Tuitazame Bangladesh. Kuanzia Agosti 25, 2017, Warohingya zaidi ya 700,000 walivuka mpaka wakilikimbia jeshi la Myanmar, wakapata hifadhi katika kambi za Cox's Bazar. Tena nchi hiyo ni mjumbe wa Kamati ya Utendaji ya Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuwahudumia Wakimbizi, yaani hushiriki kuujadili ulinzi wa wakimbizi ilhali mkataba haikuusaini! Na mwezi Mei 2017, kabla ya wimbi hilo, Mahakama Kuu ya huko ilitoa hukumu katika shauri la Mrohingya aliyebaki gerezani hali kifungo chake cha miaka 5 kilikwisha zamani. Mahakama ilisema kuwa mkataba ule umekwisha kuwa sehemu ya sheria ya desturi ya mataifa, nayo humfunga aliyesaini na asiyesaini. Kwa hiyo mtu huyo asingeweza kurudishwa mahali ambapo uhai wake ungekuwa hatarini.

Basi kutosaini hakuiondoi nchi katika sheria. Kasoro iko kwingine. Serikali ya Bangladesh haiwaiti watu hawa wakimbizi, bali raia wa Myanmar waliolazimika kuyahama makazi yao. Neno mkimbizi lina haki nyuma yake. Jina hilo refu halina. Kambi zimezungushiwa seng'enge, ajira rasmi hawaruhusiwi, na tangu Desemba 2020 maelfu wamehamishiwa kisiwa cha Bhasan Char.

Huenda mtu akatukumbusha habari ya Najashi wa Uhabeshi, ambaye hakuwa na mkataba wowote na Waislamu wa Makka. Makureshi walipompelekea zawadi ili awatoe wakimbizi, yeye alimsikiliza kwanza Jaafar bin Abi Talib, kisha akazirudisha zawadi zao. Ni kweli, na twajifaharisha kwa kisa hicho. Lakini hifadhi ile ilisimama juu ya uadilifu wa mfalme mmoja, na wafalme hubadilika.

Pakistan iliwapokea Waafghani kwa mamilioni tangu mwaka 1979. Mwezi Oktoba 2023 serikali yake ilitangaza kuwa wageni wasio na hati waondoke kabla ya Novemba 1. Mamia ya maelfu wakavuka kurudi Afghanistan, wakiwamo vijana waliozaliwa Pakistan na ambao Afghanistan hawakuwahi kuiona.