Mtoto Anayelia Viungo Kila Mara

Nazungumza nawe mama, na wewe uliyeachiwa mtoto umtunze, awe mjukuu wako au mtoto wa dada yako.  Kama unafua, endelea kufua. Mimi nataka masikio tu.

Leo ninamzungumzia mtoto ambaye pengine yuko hapo kwako Kayole, Dandora au Huruma. Juma hili analia miguu, mwezi ujao mgongo, baadaye mikono. Akicheza kidogo anachoka, anakaa mlangoni akiwatazama wenzake. Macho yana umanjano. Umemnunulia dawa za maumivu, ameambiwa ana malaria mara tatu kwa mwaka mmoja, kisha ikawa homa ya matumbo. Mwalimu anasema ni mvivu. Jirani anakunong'oneza kwamba kuna mkono wa mtu.

Hebu tuanze na hiyo malaria. Nairobi iko juu, zaidi ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari, na hapa malaria haienei kama kule ziwani au pwani. Mtoto ambaye hajatoka mtaani kwa miezi mingi, naye anapewa dawa za malaria kila mara bila kupimwa damu, huenda anatafutiwa ugonjwa mahali usipokuwa.

Kuna ugonjwa wenye dalili hizo hizo: selimundu, au siko seli kama wengi wetu tunavyouita. Mundu unaujua, ule wa kukatia nyasi. Chembe nyekundu za damu, badala ya kuwa za mviringo na laini, hujikunja kama mundu. Hukwama katika mishipa midogo, damu ikashindwa kupita, na hapo ndipo maumivu yanapotoka. Tena hazidumu. Chembe ya kawaida huishi siku kama 120. Hizi huvunjika baada ya siku 10 hadi 20. Ndiyo maana mtoto hupungukiwa na damu, akachoka, na macho yakawa ya manjano. Si uvivu, mwalimu. Kwa mtoto mchanga, dalili ya mapema mara nyingi ni kuvimba mikono na miguu.

Hapa Eastlands tumetoka kila pembe ya nchi. Ugonjwa huu huonekana zaidi kwa watu wenye asili ya Nyanza, Magharibi na Pwani. Anthony Allison, mwanasayansi aliyekulia hapa Kenya, alionyesha mwaka wa 1954 kwamba aliyerithi hali hii kwa mzazi mmoja tu hukingika kiasi dhidi ya malaria, na ndiyo sababu imedumu sehemu zenye mbu. Anayeugua ni yule aliyerithi kwa baba na kwa mama. Baba, kama unasikiliza, rudia nami: kwa baba na kwa mama. Wote wawili wanaweza kuwa wazima kabisa, na hapo kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kupata mtoto mgonjwa. Kumfukuza mke kwa ajili hiyo ni kutojua hesabu.

Sasa, chukua daftari dogo. Andika tarehe, mahali palipouma, siku ngapi, dawa alizopewa, na kama aliwahi kuongezwa damu. Lipeleke hospitali na uombe waziwazi: "Naomba mtoto apimwe kiwango cha damu na selimundu." Baadhi ya vipimo vya haraka husema tu kama hali hiyo ipo, havimtenganishi aliyerithi kwa mzazi mmoja na anayeugua. Kinachokata maneno ni kipimo cha pili, elektroforesisi ya hemoglobini. Kama aliongezwa damu hivi karibuni, sema, maana damu ya mtu mwingine inaweza kupotosha majibu.

Jibu likiwa hana, usilifunge daftari. Upungufu wa madini ya chuma, minyoo, kifua kikuu na magonjwa mengine pia huchosha mtoto, nayo yana vipimo vyake.

Jibu likiwa anao, utalia, na ulie. Kisha mwandikishe kliniki. Kuna penisilini ya kumkinga mtoto wa chini ya miaka mitano, kuna chanjo, kuna asidi ya foliki, na kuna haidroksiyurea ambayo hupunguza maumivu. Muulize daktari juu yake. Anywe maji mengi. Baridi ya Julai humwamsha mundu, basi mvike soksi na umwogeshe kwa maji ya moto kiasi. Asipandishe mitungi ya maji hadi ghorofa ya nne. Mkienda mashambani Desemba, neti na dawa ya kukinga malaria viende naye.

Na usingoje asubuhi akipata homa kali, akipumua kwa shida au kuumwa kifua, akipauka ghafula, tumbo likivimba upande wa kushoto, au mkono na mguu wa upande mmoja ukilegea. Mwamshe jirani mwenye gari. Beba mtoto, beba daftari.

Tukutane juma lijalo, saa hii hii.