Tuanze na Kukaa

(Maneno ya mratibu wa mradi kwa kamati za sharika na wahisani, Benaco, Ngara)



Wengi wenu mlilisikia jina la Benaco kwa mara ya kwanza Aprili 1994, watu wapatao 250,000 walipovuka daraja la Rusumo kwa muda wa siku moja hivi. Kambi zilifungwa Desemba 1996, na leo hapa ni njia panda ya malori ya Rwanda na Burundi. Tumewaita kwa habari ya watoto wenye mtindio wa ubongo, ambao wengi wamo ndani ya nyumba tunazozipita kila Jumapili.

Mtindio wa ubongo si uchawi. Ni ubongo ulioumia ukiwa mchanga: mtoto alichelewa kulia alipozaliwa, au alizaliwa njiti, au alipata manjano kali, au malaria ilimpanda kichwani. Jeraha lenyewe haliongezeki, ila misuli iliyokaza huendelea kuvuta viungo kadiri mtoto anavyokua.

Kila kijiji tunaulizwa, "Atatembea lini?" Na sisi, tukiri, tulikuwa na haraka kuliko wazazi. Tuligawa fremu za kutembelea kwa watoto ambao hata kukaa hawajaweza. Picha zilipendeza. Mtoto mwenyewe alining'inia kwa makwapa, miguu imepishana kama mkasi, visigino haviguswi na ardhi. Tuliporudi tulikuta fremu imeanikwa nguo. Mama hakuwa mvivu. Aliona kabla yetu kwamba haisaidii.

Mwili hujifunza kutoanguka kwa hatua: shingo, kisha kiwiliwili, kisha nyonga. Mtoto anayekaa bila kushikwa akiwa na miaka 2 ana matumaini makubwa ya kutembea; asiyeweza hadi miaka 4, ni nadra. Utafiti wa Ontario, Kanada, uliochapishwa mwaka 2002, ulionyesha kwamba watoto wengi hufikia sehemu kubwa ya uwezo wao wa mwendo kabla ya kutimiza miaka 5. Sisi tunaletewa wengi wakiwa na umri wa darasa la kwanza.

Kwa hiyo mtoto aketishwe kwenye kigoda kifupi, nyayo zote chini. Gunzi la mhindi liwekwe kulia kwake, kisha kushoto, mbali kidogo, ajinyooshe kulichukua na kurudi katikati mwenyewe. Asukumwe polepole begani ili mkono ujifunze kumkinga. Akishaweza, atembee kiubavu akishika benchi, ndipo aingie kati ya miti miwili sambamba, kimo cha nyonga zake, mahali tambarare (kwa milima yetu hii, tambarare nayo ni ya kutafuta). Fundi wa usharika anaitengeneza kwa nusu siku. Kamati iandike watoto wa mtaa wake wakiwa bado wachanga, na itenge nauli ya mama kwenda kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo.

Yupo mtoto mmoja anayekaribia miaka 9. Hatatembea. Tulipomweleza mama yake, alinyamaza muda mrefu, kisha akauliza kama tunaweza kumpatia kiti, amlishe bila kumlaza. Haja hiyo alikuwa nayo miaka yote, sisi tukimzungumzia miguu. Tulitengeneza kwa maboksi na gundi ya uji wa unga, ufundi ulioenezwa Zimbabwe na Bevill Packer. Sasa hapaliwi ovyo, na anakula pamoja na ndugu zake.

Katika fomu yetu ya ripoti kuna safu moja tu, "waliotembea", na mtoto huyo hesabu yake ni sifuri. Ndugu wahisani, tunaomba fomu hiyo ibadilishwe kabla ya robo ijayo. Mapendekezo yetu tumeyaweka mezani pale mlangoni.