Kuchuchumaa Tena: Kurudisha Mkunjo wa Goti Nyumbani Baada ya Upasuaji au Ajali

Mada kwa wauguzi wa zahanati na wahudumu wa afya ya jamii

Utangulizi

Mwaka 2019 ulichapishwa utafiti uliofanyika Dar es Salaam kuhusu kipimo kisichohitaji mashine wala umeme. Mgonjwa aliyevunjika paja na kuwekewa chuma huambiwa achuchumae, halafu atabasamu. Mpimaji hutazama mambo matatu: ameshuka hadi wapi, ameshikilia kitu au la, na uso wake unaonyesha nini. Chanzo cha kipimo hicho ni utaratibu wa shirika la SIGN, lililoanzishwa Marekani mwaka 1999 na daktari Lewis Zirkle. Shirika hilo huzipatia hospitali za nchi maskini vyuma vya kuungia mifupa, nazo hospitali hurudisha picha za wagonjwa wakiwa wamechuchumaa.

Huku kwetu kipimo hicho kinagusa maisha yenyewe. Choo cha shimo, jiko la mkaa, mkeka wa chakula, swala, palizi: vyote vinadai goti linalokunjika. Tatizo ni kwamba mgonjwa huruhusiwa kwenda nyumbani muda mrefu kabla goti halijafunguka, na kazi iliyobaki huangukia familia ambayo mara nyingi haikuelekezwa. Mada hii inashikilia kwamba familia ikielekezwa vizuri inaiweza kazi hiyo bila vifaa vya gharama, mradi ianze na jambo linalosahaulika zaidi, yaani kunyoosha.

Kwa nini goti hukaza

Baada ya jeraha, goti hujaa maji na damu. Uvimbe huo huzuia msuli wa mbele wa paja kufanya kazi, hata kama msuli wenyewe haukuguswa. Ndiyo maana mtu hujaribu kuinua mguu ukakataa kabisa. Wakati huohuo makovu huanza kujijenga ndani ya kiungo na kugandisha sehemu zilizopaswa kuteleza. Kadiri goti linavyokaa bila kusogea ndivyo makovu hayo yanavyokomaa.

Wataalamu waliliona hilo zamani. Daktari George Perkins wa Uingereza alitetea namna ya kuvuta paja lililovunjika kwa uzito, huku sehemu ya chini ya kitanda ikiondolewa ili mgonjwa akunje na kunyoosha goti angali amelala. Hospitali nyingi za Afrika zimeitumia njia hiyo. Miaka ya 1970, Robert Salter wa Toronto alikuja na wazo la mashine inayokunja kiungo yenyewe. Tafiti za baadaye zimeonyesha kwamba kwa waliobadilishiwa goti mashine hiyo huongeza faida ndogo tu, kwa hiyo familia isiyoipata haijakosa kitu kikubwa.

Nyuzi ngapi zinatosha?

Kutembea kwenye tambarare huhitaji goti likunjike nyuzi 60 hadi 70. Kupanda na kushuka ngazi huhitaji nyuzi 80 hadi 100 hivi, na kuinuka kwenye kiti cha chini huweza kupita 100. Kuchuchumaa mpaka chini, au kukalia miguu katika swala, huvuka 130.

Mgonjwa aambiwe ukweli wake mapema. Kijana aliyewekewa chuma kwenye paja anaweza kulenga kuchuchumaa kikamilifu. Mzee aliyebadilishiwa goti hulenga nyuzi 110 hadi 120, na wengi wa aina yake hawarudi kuchuchumaa. Kwake yeye kinachofaa ni kigoda au kiti chenye tundu kwa ajili ya choo, na kiti cha kuswalia. Aliyeshonwa kano au aliyepasuka pia ya goti huweza kuwekewa mpaka wa kukunja kwa wiki kadhaa. Kabla ya kutoka wodini, kwa hiyo, yapo maswali mawili ya kumuuliza daktari: goti linaruhusiwa kukunjwa hadi wapi, na mguu unaruhusiwa kubeba uzito kiasi gani?

Mto chini ya goti

Tuchukue hali inayojulikana kila mtaa. Dereva wa bodaboda amerudi na magongo. Mama yake anamtandikia, anamwekea mto laini chini ya goti, na goti linapata nafuu papo hapo kwa sababu limejikunja kidogo. Anaachwa hivyo usiku kucha, siku baada ya siku. Baada ya muda goti halinyooki tena. Akisimama, mguu mmoja unaonekana mfupi na anachechemea, msuli wa paja unachoka haraka, na ndugu wanadhani chuma kimekaa vibaya.

Mto uhamie chini ya kisigino, goti libaki hewani kwa dakika 10 hivi, mara kadhaa kwa siku. Akiwa katika hali hiyohiyo, mgonjwa akaze paja kama anayelisukuma goti kuelekea godoro, ahesabu hadi tano, aachie. Zoezi hili huamsha msuli uliolala na kunyoosha kiungo kwa pamoja.

Khanga, sakafu na chaki

Kwa kukunja, khanga moja na sakafu ya saruji vinatosha. Mgonjwa akae chini ameegemea ukuta, akunje khanga na kuiweka chini ya kisigino ili iteleze, kisha avute kisigino taratibu kuelekea kalio. Khanga ya pili ikizungushwa kwenye unyayo humsaidia kuvuta kwa mikono. Panapobana, atulie hapo kwa kuhesabu hadi kumi, kisha arudishe. Mara 10, mizunguko mitatu au minne kwa siku, ni bora kuliko saa nzima ya mateso siku ya Jumamosi.

Maendeleo yapimwe. Mgonjwa akae kwenye kiti kilekile, mahali palepale, arudishe mguu nyuma bila kuinua kalio, na mtu achore mstari wa chaki mbele ya vidole. Wiki ijayo mstari mpya ukiwa nyuma ya ule wa kwanza, goti linafunguka. Mistari ikigota mahali pamoja kwa wiki mbili, hiyo ni taarifa ya kupeleka kliniki.

Maumivu na hatari

Maumivu ya kuvutika yanayopoa ndani ya nusu saa ni ya kawaida. Goti likiamka asubuhi limevimba kuliko jana, mazoezi yapunguzwe, mguu uinuliwe, na barafu iliyofungwa kwenye kitambaa iwekwe kwa dakika 15 hadi 20. Barafu isigusane na ngozi moja kwa moja.

Kukanda kwa nguvu kuepukwe katika wiki za mwanzo, hata mkandaji akiwa bingwa wa mtaa. Msuli uliojeruhiwa ukisuguliwa huweza kuota mfupa ndani yake, na goti likafunga zaidi.

Usaha, homa, au shavu la mguu lililovimba na kuuma, ni dalili za kumrudisha mgonjwa hospitali siku hiyohiyo. Kifua kubana na pumzi kukatika ni dharura, kwa sababu damu iliyoganda mguuni huweza kusafiri hadi mapafuni.

Mapendekezo

Kwanza, kila anayeruhusiwa aondoke na majibu ya yale maswali mawili yameandikwa kwenye kadi yake, kwa Kiswahili. Pili, mhudumu wa afya anapomtembelea mgonjwa nyumbani aanze kwa kutazama mto uko wapi, kisha aangalie choo. Tatu, aliyebadilishiwa goti ambaye kufikia wiki ya 6 hajavuka nyuzi 90 apewe rufaa bila kusubiri. Daktari anaweza kulikunja goti hilo mgonjwa akiwa chini ya nusukaputi, na matokeo huwa mazuri zaidi ikifanyika ndani ya miezi mitatu ya mwanzo.