MAJI NI AMANA: HOTUBA JUU YA MACHIMBO NA MISITU

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema zinamstahikia Mwenyezi Mungu, Muumba wa mbingu na ardhi. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na Masahaba wake. Ama baad.

Enyi waja wa Mwenyezi Mungu, nakuusieni, nami naiusia nafsi yangu, tumche Mola wetu kwa siri na kwa dhahiri. Katika Suratil Aaraf, aya ya 56, Mwenyezi Mungu ametukataza kuiharibu ardhi baada ya Yeye kuitengeneza. Leo tuutazame uharibifu ulio karibu nasi.

Ndugu zangu wa Handeni na Korogwe, ninyi mmeunganishwa na maji. Handeni ni nchi ya ukame, na bomba kuu lililojengwa katika miaka ya 1970 huchota maji ya Mto Pangani huko Korogwe na kuyapeleka Handeni. Basi atakayeuchafua mto Korogwe ametia mkono wake katika mtungi wa jirani yake Handeni.

Mnajua pia kuwa ardhi ya Handeni na Kilindi ina dhahabu. Kutafuta riziki ya halali ni ibada, na kijana anayeshuka shimoni ili watoto wake wale hastahiki kutukanwa. Lakini halali ya mtu mmoja haiwi ruhusa ya kuwadhuru wengi. Mwaka 2003 na 2004 maelfu ya watu waliiingilia milima ya Usambara ya Mashariki, hata ndani ya hifadhi ya msitu wa Amani, wakitafuta dhahabu. Miti ilikatwa, kingo za vijito zikafukuliwa, na matope yakatiririka kuelekea Mto Sigi, ambao ndio unaowanywesha watu wa mji wa Tanga. Serikali ikalazimika kuwaondoa wachimbaji. Wachimbaji waliondoka, mashimo hayakuondoka nao.

Iko hatari nyingine isiyoonekana kwa macho, nayo ni zebaki. Mchimbaji huichanganya na mchanga ili ishikamane na dhahabu, kisha huichoma. Moshi wake hudhuru ubongo na mishipa ya fahamu. Mabaki yake yakifika mtoni huingia katika samaki, na kwa samaki humfikia mama mjamzito na mtoto aliye tumboni. Huko Minamata, nchini Japani, ugonjwa wa sumu hiyo ulitambuliwa mwaka 1956, nao uliwaua na kuwalemaza watu wengi.

Mtume (S.A.W.) amekataza mtu kujisaidia penye maji wanayoyatumia watu. Ikiwa najisi, ambayo maji mengi huiondoa, imekatazwa, itakuwaje sumu isiyoondoka?

Basi wajibu wetu ni nini? Kwanza, mchimbaji asichenjue dhahabu mtoni wala nyumbani penye watoto, na afukie shimo lake amalizapo. Pili, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imekataza shughuli zinazoweza kuharibu chanzo cha maji ndani ya mita 60, na imewajibisha miradi mikubwa ya uchimbaji ifanyiwe tathmini ya mazingira, nao wananchi wasikilizwe. Mradi ukiletwa karibu na msitu wa hifadhi, nendeni kwenye mkutano wa kijiji, wanaume kwa wanawake, mkaulize: maji machafu yatakwenda wapi? Nani atafukia mashimo? Kunyamaza kwa kutaraji posho ni khiyana. Tatu, wazee wa mtaa wawasaidie vijana kupata kazi nyingine, kwani mwenye njaa haonywi kwa maneno matupu.

Dhahabu huuzwa siku moja ikaisha. Mto ukilindwa utawanywesha wajukuu wetu, nasi tutaulizwa Siku ya Kiyama tuliurithisha katika hali gani.

Ewe Mola wetu, tupe riziki ya halali isiyomdhuru jirani, utulindie maji yetu na misitu yetu, na utujaalie kuwa waangalizi waaminifu wa amana yako. Amin.